Mpini, Kipini au Mkono?

Tufundishapo insha za maelezo, aghalabu huwataka wanafunzi waeleze kifaa walichokizoea. Hapa Dzaleka, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Kamuzu Banda, zoezi hilo lilituletea bunduki. Wasomaji wasishtuke: yaliyoingia darasani ni maneno tu.

Mwandishi wa insha ni mzee wa kutoka mashariki ya Kongo, ambaye zamani alilinda wanyamapori. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume havikunjiki. Wajukuu wake wamezaliwa kambini na husoma kwa mtaala wa Malawi, kwa Kiingereza na Chichewa. Kiswahili hukisikia nyumbani na sokoni. Mzee alitaka wasome kwa Kiswahili jinsi alivyoendelea na kazi baada ya kuumia. Siri yote ilikuwa katika chuma kimoja kidogo, nacho hakukijua jina.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mauser ya kale, ya kuvuta komeo. Mpigaji hukiinua chuma kilicho ubavuni, akalivuta komeo nyuma ili risasi iliyokwisha kulipuka itoke. Hulisukuma mbele, risasi mpya ikaingia mahali pake. Kisha hukilaza chuma, komeo likajifunga. Katika Mauser ya 1898 chuma hicho kilinyooka kwenda kando kama tawi. Katika Lee-Enfield, waliyoibeba askari wa King's African Rifles, kiliinama chini karibu na kifyatulio, hata mkono usiwe na safari ndefu. Mzee wetu alishindwa kukikamata kile kilichonyooka. Fundi akakipasha moto, akakipinda, akakitia nchani kirungu kinene chenye michoro ya kuzuia utelezi. Tangu hapo alikiendesha kwa kiganja.

Katika rasimu aliandika: "Fundi alikunja mkono wa bunduki yangu." Darasa likacheka, maana akunjaye mikono ni mvivu. Binti mmoja akapendekeza "kipini". Wanawake wakacheka zaidi, kwa kuwa kipini huvaliwa puani. Kijana aliyekuwa akifanya biashara Lilongwe, hadi mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi wa mijini warejee kambini, akashikilia "mpini". Hoja yake ilikuwa nzito: katika Chichewa pia mpini ni mpini, basi wajukuu wataelewa mara moja. Hata hivyo, mpini tuujuao sisi ni mti unaounganishwa na jembe au shoka, nao ukivunjika hutolewa ukatiwa mwingine. Chuma cha mzee kilikuwa mwili mmoja na komeo. Kamusi nazo zilitufikisha mlangoni tu, kwani komeo lao ni la mlango.

Tulipokwenda Lilongwe kununua chaki, mwendo wa kama kilomita 45, tulipita sokoni katika mji wa zamani tukamweleza habari hii fundi wa kuchomelea vyuma. Jina la chuma halikumshughulisha hata kidogo. Aliuliza jambo moja: komeo lilikingwaje, moto usilifikie? Akaeleza kwamba chuma kilichokazwa kwa moto kikipata joto tena hulainika. Tulielewa hofu yake, kwa kuwa meno yafungayo komeo ndiyo yanayostahimili mshindo. Yakilegea, bunduki huweza kumgeukia mwenyewe.

Tulirudi na swali hilo. Mzee alijibu bila kufikiri kwamba fundi wake alilizungushia komeo kitambaa kilichorowa, akawa anakimwagia maji kila mara, naye mzee ndiye aliyeshika kopo. Tulimsihi aliandike neno hilo kama alivyolisema. Kwa maoni yetu ndiyo sentensi bora ya insha nzima, wala haina istilahi hata moja.

Kuhusu jina, tulikubaliana na "mkono wa komeo", kama tusemavyo mkono wa sufuria, ambao nao haung'oki kwa urahisi. "Kukunja" kukaondoka, "kupinda" kukaingia. Kijana wa "mpini" hajaridhika, na tumemruhusu aandike lake pembeni mwa ukurasa kwa ajili ya wajukuu.

Sasa mzee anatafuta jina la kile kinachoruka nje baada ya mlipuko. Tumempa "ganda". Anasema ganda ni la ndizi.