Kabla Hujang'oa Rejeta

Kwa mpwa wangu Salim,

Nimefurahi mmeshakabidhiwa funguo za nyumba. Ila uliposema fundi anataka kung'oa rejeta zote na kuweka tanuru la hewa moto, niliona simu haitoshi.

Nyumba ya 1915 yenye ghorofa, dari juu na besimenti chini, haipati joto kwa kununuliwa mashine kubwa. Hewa ya moto hupanda, ikapenya kwenye nyufa za darini, na ile ya nje ikavutwa kuingia kwa chini. Ndiyo maana wa juu hutokwa jasho na wa chini wamejitanda mablanketi. Baridi ya Minnesota unaijua: nyuzi 25 chini ya sifuri si ajabu. Basi anza darini. Ziba kila tundu linalopitisha bomba au waya, ndipo uweke tabaka nene la kuhami joto. Mkaguzi wa nishati akufungie feni kubwa mlangoni inayovuta hewa kuipeleka nje. Inapozunguka, pitisha mkono ukutani na kwenye madirisha, utahisi mwenyewe panapovuja. Ukikuta darini punje nyepesi zinazometameta, usiziguse, huenda zina asbestosi. Na lile gamba jeupe lililozungushiwa mabomba ya besimenti, vivyo hivyo. Mwachie mwenye leseni ya kazi hiyo.

Sasa rejeta zenyewe. Katika picha ulizonitumia kila moja ina mabomba mawili, na juu yake kitundu cha kutolea hewa kwa ufunguo mdogo. Hizo ni za maji, si za mvuke. Hiyo ni mali, mwanangu, usiitupe. Zilipimwa kwa nyumba iliyokuwa ikivuja, kwa hiyo ukishaiziba zitatosha hata kwa maji yasiyo moto sana. Boila la kisasa la gesi hupenda hivyo hasa: maji yakilirudia chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke uliomo kwenye moshi hugeuka maji na kuacha joto ambalo zamani lilipotelea angani. Tanuru litataka njia pana za hewa zipande ukutani hadi juu, na vyumba vyenu vya kulala ni vidogo mno kumegwa.

Ghorofa ya juu ongeza pampu ya joto ya ukutani. Itawapoza Julai na kuwapasha Oktoba, kwani kwa umeme kidogo huhamisha joto maradufu. Baridi ikizidi nguvu zake hupungua, hivyo Januari libebe boila.

Jambo moja mafundi husahau. Boila jipya hutoa moshi kwa bomba la plastiki la ukutani, na hita ya maji ya gesi hubaki peke yake kwenye dohani kubwa. Dohani ikipoa, moshi huweza kurudi ndani na sumu yake haina harufu. Shughulikieni hita hiyo siku ileile, na muweke king'ora cha kaboni monoksaidi kila ghorofa.

Asikwambie mtu aweke boila la ukubwa uleule wa zamani. Dai hesabu ya joto ya chumba kwa chumba, wanayoiita Manual J, ifanywe kwa kuzingatia nyumba itakavyokuwa ikishazibwa. Usitie saini mpaka uipate kwa maandishi, na unitumie nami niisome.

Nisalimie mkeo na watoto.

Mjomba wako,
Hamadi