Tingatinga Juu ya Tingatinga: Barabara, Maji na Lugha ya Leseni

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyohama makazi bila ya wengi wetu kutambua ni neno tingatinga. Mwulize Mkenya yeyote leo maana yake naye atakujibu bila kusita kwamba ni ile mashine kubwa isukumayo udongo na kuangusha nyumba. Vyombo vyetu vya habari vimelizoea katika maana hiyo, hasa tangu Agosti 2018 serikali ilipobomoa majengo yaliyosimama juu ya kingo za mito jijini Nairobi, na tena mwaka 2024 baada ya mafuriko ya Aprili na Mei. Lakini ukizifungua kamusi za zamani utalikuta neno hilohilo likiwa na maana nyingine: mahali penye maji na matope, panapotikisika mtu akipakanyaga. Yaani kinamasi. Maana zote mbili zina mtikisiko ndani yake, na huenda ndiyo sababu ulimi haukuona taabu kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Linalonishughulisha ni kwamba katika miaka yangu yote ya kusoma fasihi sijapata kulisikia neno hili darasani likiwa na maana ya kinamasi. Maana ya mashine imeifukia maana ya maji.

Nalitaja hili kwa sababu ya Ondiri. Ondiri ni kinamasi kilichoko Kikuyu, chenye ukubwa wa takriban hekta 30, nacho ni mojawapo ya vyanzo vya Mto Nairobi. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni uwanja wa nyasi na matete. Kumbe sehemu kubwa ya mimea ile inaelea juu ya maji, na athubutuye kuikanyaga huihisi ikiyumba chini ya miguu yake. Sijaona neno la Kiswahili linaloieleza hali hiyo vyema kuliko tingatinga. Barabara kuu iendayo Nakuru haipo mbali, na mashine za kupanua barabara zimekwisha kunguruma katika pande hizo za Kikuyu. Tingatinga moja limeisogelea nyingine.

Mtu asinielewe vibaya; siipingi barabara. Kila wiki nasafiri kwa Barabara ya Thika, ambayo upanuzi wake ulianza mwaka 2009 na ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Nimefaidika nayo kama wanavyofaidika maelfu ya wenzangu. Barabara ile huvuka Mto Mathare, Mto Ruiru na Mto Ndarugu kabla ya kufika Thika, ila abiria aliye ndani ya matatu haioni mito yenyewe. Huona kingo za zege zikipita dirishani, mara moja zimetoweka. Barabara lazima ivuke mto. Swali ni jinsi inavyovuka, na ni nani aliyeulizwa kabla ya kuvuka.

Upanuzi una hila ambayo barabara mpya haina. Barabara mpya ikikata msitu kila mwenye macho huona kwamba jambo limetokea. Barabara inayopanuliwa ilikuwepo tangu enzi za babu zetu, na kijito kilikwisha kupitishwa ndani ya kalavati zamani, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba madhara yalikwisha kutendeka na hakuna jipya la kuuliza. Sivyo hata kidogo. Njia mbili zikifanywa nne au nane, kalavati nayo sharti irefushwe. Kijito kilichokuwa kikipita gizani kwa hatua chache sasa hupita humo kwa hatua nyingi, na samaki wadogo waliozoea kupanda na kushuka hushindwa kuvuka. Lami iliyoongezwa haifyonzi mvua, hivyo maji mengi zaidi hufika mlangoni mwa kalavati kwa muda mfupi zaidi. Ikiwa tundu ni lilelile la zamani, upande wa juu maji hutuama na kuingia mashambani, na upande wa chini hutoka kwa nguvu na kuula ukingo. Tuta la udongo likishindiliwa juu ya kinamasi hukikamua maji yake kama mtu akamuavyo kitambaa. Fauka ya hayo kuna tope jekundu linaloletwa na mvua kutoka kwenye machimbo ya murramu, likafunika mizizi ya mafunjo, na kuna mafuta ya magari yatakayotiririka humo mradi barabara inatumika.

Sheria yetu inayajua haya. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinamkataza mtu kujenga, kuchimba, kukausha au kugeuza mkondo katika mto, ziwa au kinamasi bila idhini ya maandishi, nayo idhini hiyo hutolewa baada ya athari kutathminiwa. Barabara kuu zimo katika orodha ya miradi ambayo haina budi kutathminiwa. Mwenye mradi huajiri wataalamu waliosajiliwa, nao huandika ripoti. Ripoti hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ambayo huwapa wenye dhamana ya maji na ardhi waisome na kuualika umma utoe maoni. Mwishowe leseni hukataliwa au hutolewa pamoja na masharti. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 nayo hudai kibali chake kwa atakaye kukausha kinamasi. Kwenye karatasi, basi, kijito cha kijijini kina walinzi wengi kuliko benki.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, kilicho kitamu zaidi kimo katika kanuni za tathmini zilizotolewa mwaka 2003. Kanuni ya 17 ilimwagiza mwenye mradi abandike mabango karibu na eneo linalohusika, atangaze gazetini kwa majuma mawili mfululizo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Kisha aitishe mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoathirika, na awepo mtu mwenye ujuzi wa kupokea na kuandika maoni yao, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Naomba msomaji aliangalie neno hilo tafsiri. Waliotunga kanuni walijua kwamba anayelijua bonde si lazima awe anaijua lugha ya ripoti. Mwaka 2003 lugha rasmi ilikuwa Kiingereza. Tangu Katiba ya 2010, kwa mujibu wa Ibara ya 7, Kiswahili nacho ni lugha rasmi. Kwa hiyo kanuni ileile, bila ya herufi yake moja kubadilishwa, iliamka asubuhi moja ikiwa na wajibu mpya. Ripoti nilizopata kuzisoma mimi, hata hivyo, zote zilikuwa za Kiingereza, kuanzia jalada hadi viambatisho.

Mwaka juzi nilihudhuria mkutano mmoja wa aina hiyo katika kijiji kilicho kando ya barabara iliyokusudiwa kupanuliwa. Sitautaja mradi wala kijiji. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya mti, chifu akafungua kwa maombi, na mtaalamu akaeleza mradi kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza kiasi cha kuwafanya wazee watazamane. Wengi waliuliza kuhusu fidia na vibanda vyao, na ni haki yao. Kisha alisimama nyanya mmoja, akasema kwa Gĩkũyũ, kijana mmoja wa hapo akitafsiri. Alisema kwamba chini ya mikuyu miwili iliyowekwa alama ya kukatwa pana chemchemi. Kwamba chemchemi ile haikukauka ukame wa 1984, wala ule wa 2000, na watu walitoka vijiji vingine kuja kuteka maji. Kwamba mvua za 1997 maji yalipanda hadi kwenye jiwe fulani ambalo angeweza kumwonyesha mhandisi hata sasa, na yalitokea upande wa pili wa barabara, wala si upande ambako kalavati imechorwa. "Maji haya yana njia yao, mwanangu," alimwambia mhandisi. "Mkiyafunga hapa yatanitafuta nyumbani."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya karani. Ushahidi huo wote, wenye miaka, alama ya kimo cha mafuriko na mwelekeo wa mkondo, aliuandika kwa Kiingereza katika mstari mmoja ambao maana yake ni hii: mkazi mmoja ana wasiwasi kuhusu mafuriko.

Simlaumu karani peke yake, maana alikuwa na fomu yenye nafasi ndogo na watu wengi wa kuwasikiliza. Lakini hebu tuutazame mstari ule kama tunavyoutazama mshororo darasani. Mjuzi amegeuzwa mwenye wasiwasi. Habari imegeuzwa hisia. Chemchemi, ambayo ndiyo nomino kuu ya kauli nzima, imetoweka, na pamoja nayo imetoweka haja ya mtu yeyote kwenda kuitazama. Afisa atakayeketi Nairobi kuamua masharti ya leseni hawezi kuweka sharti juu ya chemchemi ambayo haimo katika ripoti. Anaweza tu kuandika kwamba mitaro ijengwe vizuri.

Maneno yetu wenyewe nayo yanahitaji kuchunguzwa. Kinamasi kina unyevunyevu wa ute na uchafu ndani yake. Mtu akiambiwa kwamba kinamasi kitafukiwa huenda akashukuru. Bwawa siku hizi laashiria maji yaliyokingwa na binadamu. Ardhi oevu, istilahi ya wasomi, inatanguliza ardhi, kana kwamba mahali hapo ni shamba lenye kasoro ya kulowa. Mwenye mradi hawezi kuomba neno zuri zaidi ya hilo. Tingatinga angalau linamwonya msikilizaji kuwa atakapokanyaga si pagumu. Mimi ningelipenda neno hilo lirudi kazini, japo najua kwamba mshindani wake ana injini.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanasheria na wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa fasihi ameingilia yasiyomhusu. Nawakumbusha Lamu. Mnamo Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira liliifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imetoa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla ya utafiti, na athari zilipokwisha kuandikwa watu hawakurejewa na kuelezwa. Mradi mkubwa kama ule uliangushwa na swali ambalo ni letu kabisa, nalo ni nani aliambiwa nini, lini, na kwa namna gani ya kueleweka. Ni kweli kwamba Lamu walikuwa na wanaharakati na mawakili. Nyanya wa chemchemi hana wakili, na rufaa ina muda wake wa siku 60.

Sasa kazi imehamia mbele zaidi. Mnamo Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, kilomita zaidi ya 170, katika ukanda wenye maziwa ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru. Yote matatu yamo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar: Nakuru tangu 1990, Naivasha tangu 1995, Elmenteita tangu 2005. Maziwa hayo yana majina makubwa na watu wa kuyasemea. Mimi nawaza zaidi juu ya Manguo, kinamasi kilicho Limuru, karibu na barabara hiyo. Shule ya Manguo ndiko alikosoma Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025. Jina lenyewe, wasemavyo wenyeji, linatokana na neno la Gĩkũyũ la kiboko. Mswahili akilisikia atadhani ni rundo la mavazi. Viboko hawapo tena. Jina limebaki kuwa ushahidi kwamba maji yalikuwa mengi, na ni ushahidi ambao hautaonekana katika ripoti yoyote isiyouliza maana ya majina ya mahali.

Tangu mkutano ule, mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukijaribu kuandika muhtasari wa Kiswahili wa ripoti moja ya tathmini, kurasa 12 ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama kibandani. Ni kazi ngumu kuliko nilivyotarajia, na ugumu hautoki kwenye kemia. Tulikwama kwa majuma mawili kwenye jina la lile dimbwi linalochimbwa kando ya eneo la ujenzi ili maji machafu yatue humo kabla ya kuingia mtoni. Kamusi za istilahi zilitupatia maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyatamka. Hatimaye tulimwuliza nyapara mmoja wa ujenzi wa barabara, mzee wa miaka mingi kazini, tukamweleza kwa mikono. Akacheka. "Hilo ni shimo la tope," akasema. "Likijaa na lisipozolewa, ni kama halipo." Tumeliandika hivyo, pamoja na sentensi yake ya pili, kwa kuwa ripoti yenyewe haikusema ni nani atakayelizoa.