Safari ya Kigali, na Baisikeli Zisizochukua Mzigo

Wengi wenu mmeniuliza habari za safari yangu ya Rwanda ya mwezi wa Septemba 2025, na kwa kuwa siwezi kuisimulia nyumba kwa nyumba, nimeona vema niandike hapa.

Twalitoka Omurushaka, mimi na mpwa wangu, kijana ambaye kazi yake ni kuchukua mikungu ya ndizi kwa baisikeli kutoka mashambani hata sokoni Nkwenda. Tukapita Benaco, tukavuka mto Kagera kwa daraja la Rusumo. Ng'ambo ile magari hufuata upande wa kuume, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja; lakini migomba ni ileile, vilima ni vilevile, na lugha yao si ngeni sana sikioni mwa Mnyambo. Tukapitia Kayonza, na jioni tukaingia Kigali.

Mji ulikuwa umejaa wageni wa mataifa mengi. Walikuja kwa mashindano ya dunia ya mbio za baisikeli za barabarani, tangu tarehe 21 hata tarehe 28. Mashindano hayo ni ya zamani, lakini yalikuwa hayajapata kufanyika katika Afrika hata mwaka huo. Shule za mjini zilifungwa juma zima, na askari wakazuia njia nyingi ili washindanao wapite salama. Jumamosi walishindana wanawake, akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtazamia. Jumapili, tarehe 28, ikawa zamu ya wanaume.

Siku hiyo, baada ya ibada ya alfajiri, tukaenda kusimama kwenye mwinuko wa Kimihurura, ambako njia imetandikwa mawe. Hapakuwa na kiingilio. Tajiri na maskini walisimama bega kwa bega, watoto wakapanda kuta na miti. Mara tukasikia kelele kutoka chini, kama mvua ijayo kwa kishindo. Kisha wakapita, zaidi ya watu 160, wamesongamana kama nyuki, hata upepo wao ukatupiga usoni.

Mpwa wangu akashangaa, akaniuliza, "Mjomba, mbona hawajachukua kitu?" Watu waliokuwa karibu wakacheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, maana kwetu baisikeli ni punda wa chuma. Zile zao sheria hairuhusu zipungue uzito wa kilo 6.8, na mkungu mmoja mzuri wa ndizi huzidi hapo mara mbili au tatu.

Tulipouliza, tukaelezwa mengi. Safari ya siku ile ilikuwa kilomita 267.5. Huzunguka mji mara 15, na katikati huenda hata mlima Kigali. Ukijumlisha miinuko yote waliyopanda, yapita mita 5,000. Ni karibu na kimo cha Kilimanjaro, kupandwa kwa siku moja. Nao hawasongamani bure. Aliye mbele hukata upepo, na aliye nyuma yake hupunguziwa kazi. Kwa hiyo katika kila taifa wako wanaokubali kuchoka mapema, wakimkinga mwenzao na kumletea maji, ili yeye awe na nguvu mwishoni. Jina litakaloandikwa ni la mmoja. Jasho ni la wote.

Zilipobaki kilomita 100 na kidogo, Tadej Pogačar wa Slovenia akawatoka wenzake huko mlimani. Wawili wakamfuata, nao wakashindwa mmoja baada ya mwingine. Alipopita mbele yetu alikuwa peke yake, kinywa wazi. Remco Evenepoel wa Ubelgiji akafika wa pili, na Ben Healy wa Ayalandi wa tatu. Mshindi alivikwa fulana nyeupe yenye milia ya rangi tano, ambayo huivaa mwaka mzima mashindanoni. Katika wote walioanza, waliofika mwisho ni 30 tu. Lakini watu wa Kigali walimpigia makofi hata wa nyuma kabisa.

Karibu nasi alisimama mama mmoja mtu mzima. Aliposikia tumetoka Karagwe akatushika mikono, akasema, "Kwenu nilikula ndizi za watu nisiowajua." Wazee wetu wanakumbuka: mwishoni mwa Aprili 1994, kwa siku moja na usiku wake, walivuka daraja la Rusumo watu wanaokadiriwa kuwa 250,000, na kambi zikajaa Ngara hata Karagwe. Yule mama alirudi kwao Desemba 1996, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Akatuambia habari za Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita wa kiume katika mauaji ya mwaka 1994, kisha akawa mwendesha baisikeli, na mwaka 2012 akaichukua bendera ya Rwanda katika michezo ya Olimpiki huko London. "Zamani," akasema yule mama, "tukiona watu wanakimbia barabarani, tulijificha. Leo tunatoka nje kuwatazama."

Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko ushindi wenyewe.

Njiani kurudi, mpwa wangu alikuwa kimya, hata tulipofika Rusumo akasema, "Mjomba, kilima chao kile cha mawe si kirefu kuliko chetu, nami hukipanda nikisukuma mikungu mitatu." Alisema kweli. Sisi huwaita vijana hawa wachukuzi, tukabishana nao juu ya shilingi mia, wala hatutazami miguu yao. Basi, wazazi na wazee, mkutanapo na kijana akisukuma baisikeli mlimani, jua likiwaka, msimpigie kelele atoke njiani. Mpisheni, na mmpe maji.