Miaka Yangu Chini ya Miombo

Niliajiriwa kama mtu wa mimea. Kazi ya hebaria ilikuwa kubana matawi kati ya magazeti, kuyakausha, kuyabandika kwenye karatasi ngumu na kuandika lebo: mahali, mwinuko, udongo, jina la wenyeji. Naipenda kazi hiyo hadi leo. Siku hizo wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na wenzao wa kwetu walikuwa bado wanaandika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kielelezo chochote kutoka porini kingeweza kuongeza mstari humo, na sisi vijana tulijivunia jambo hilo.

Nilipangiwa miombo ya upande wa Iringa. Asiyeuzoea msitu huo huudharau: miti imeachana, nyasi zimejaa katikati, moto hupita kiangazi. Tulipima viwanja, tukazungusha utepe kwenye mashina, tukaandika mtundu, myombo, mtondoro, mninga, mkusu. Swali moja halikunipa raha. Udongo wa pale ni mkongwe, umechujwa na mvua, na fosforasi yake ni haba. Mitundu na mitondoro inatawala eneo kubwa namna ile kwa nguvu gani? Fomu zetu zilijua unene na urefu wa mti, basi.

Jibu nilianza kuliona niliposoma makala ya Peter Högberg, mtafiti kutoka Sweden, aliyechapisha mwaka 1982 uchunguzi wake wa mizizi ya miti ya Tanzania. Miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, yaani mitundu, miombo yenyewe na mitondoro, mizizi yake huvikwa ala ya kuvu. Mninga una njia nyingine: kuvu yake huingia ndani ya seli za mzizi, na mzizi una vinundu vya bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Nikachukua jembe nikachimba. Ncha za mizizi ya mtundu, ukiziosha polepole na kuziweka chini ya hadubini, ni fupi na nene, zimefunikwa na utando mweupe, wa manjano au mweusi kutegemea kuvu iliyopo. Kutoka hapo nyuzi hutambaa udongoni hadi mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, zikirudi na fosforasi na maji, na mti huzilipa kwa sukari. Uyoga tunaouchuma masika ni tunda la mwili huo uliojificha.

Tangu hapo nikahamia kwenye uyoga, na walimu wangu wakawa akina mama wa vijijini. Bibi mmoja nilimpelekea uyoga mkononi nikamuuliza kama unaliwa. Hakuutazama kwanza.

"Mwanangu, umeuchuma chini ya mti gani?"

Swali hilo lina elimu ya ikolojia ambayo sisi tuliifikia kwa hadubini. Na si elimu ya mchezo. Jamii ya Amanita ina uyoga unaoua watu duniani kote, lakini humo humo kuna Amanita tanzanica, ambao wanavijiji waliula tangu zamani, nayo sayansi ikaupa jina mwaka 1994 tu. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliiheshimu elimu hiyo ya wanavijiji. Kitabu chao cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003 kimebeba maarifa ya wachumaji. Nakala yangu imelegea jalada kwa kutumika.

Uyoga haungoji. Tawi la mkusu linaweza kukaa kwenye magazeti hadi mtu arudi mjini, lakini uyoga lazima uandikwe ungali mbichi: rangi ya kofia, harufu, unavyobadilika ukikatwa, kama unatoa utomvu wa maziwa. Kipande cha kofia hulazwa juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ili spora zianguke na kuonyesha rangi yake. Jioni hiyo hiyo unakaushwa kwa joto la chini. Ukiachwa, kesho yake una funza, na ushahidi umepotea. Ndiyo maana makabati ya mimea yetu yamejaa ilhali ya kuvu yana nafasi tele. Duniani zimepewa majina spishi za kuvu takriban 150,000, na wataalamu wanakadiria kwamba zipo kati ya milioni 2 na milioni 4.

Kinachoniuma ni tumbaku. Nimetembea Tabora na Urambo, ambako kuni za kukaushia majani ya tumbaku hutoka kwenye miombo. Msitu uliokatwa visiki vikabaki huchipua tena, kwa sababu mizizi iko hai na kuvu yake ipo. Visiki viking'olewa na shamba likalimwa miaka mingi, hali ni nyingine kabisa. Maganda ya mtundu hupasuka na kurusha mbegu, lakini haziendi mbali, na mche unaoota peke yake kwenye udongo mtupu hukosa kuvu ya kuupokea. Katika mashamba yaliyoachwa, miche niliikuta pembezoni zaidi, pale mizizi ya miti mikubwa ingali inafika. Hata hiyo hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka chini, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kupata shina la kuushinda moto.

Kwa hiyo ninapokaa na kamati za maliasili za vijiji huwaomba mambo mawili: visiki visichomwe wala kung'olewa, na katikati ya kila eneo linalokatwa iachwe mitundu mikubwa michache, iliyotawanyika, pamoja na udongo wake usioguswa.