Njoo inboksi... kumbe sebuleni!

Nimeadimika hapa kibarazani, mniwie radhi. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimehamia Nakonde moja kwa moja. Hapana jamani, nipo Tunduma, upande wetu ule ule. Nilikuwa nimekalia aibu, na leo nimeamua kuitoa.

Mnajua kazi yangu ya gazeti hapa mpakani ni kukimbizana na foleni ya malori. Leo imefika Mpemba, kesho imepungua, keshokutwa haisogei na hakuna anayesema kwa nini. Habari hizo wanazo madereva, mawakala wa forodha, wabadilisha kwacha na mama lishe, kila mmoja na kipande chake. Makundi ya WhatsApp yapo, ila dereva anayetaka kumlalamikia bosi hapendi namba yake ionekane na kundi zima. Basi nikajitia ufundi. Chuo kikuu nilisomea uandishi, lakini jamaa niliyekaa naye bweni alinifundisha kuandika programu kidogo. Nikatengeneza ukumbi wa kuchati kwenye wavuti: unaingia kwa jina la utani na nywila, namba ya simu haitakiwi. Wakaja watu wapata arobaini, wa pande zote mbili za mpaka.

Ukurasa wa kawaida wa wavuti ni kama kupiga hodi: simu inauliza, seva inajibu, mlango unafungwa. Kuchati papo kwa papo hakuendi hivyo, maana simu ingebisha hodi kila sekunde na kumaliza bando la mtu. Ndiyo maana kuna WebSocket, utaratibu uliokubaliwa rasmi mwaka 2011. Mlango unafunguliwa mara moja na kuachwa wazi, kila upande unasema unapotaka. Mimi nilitumia Node.js na Socket.IO, ambazo ni za bure. Ujumbe wa ukumbini ni rahisi: seva inaupokea na kuutupa kwenye milango yote iliyo wazi. Mistari michache tu, nikajiona injinia.

Wiki ya pili wakadai inboksi. Nikaiandika usiku mmoja. Kila ujumbe niliubandika jina la mpelekewa, seva ikautupa kwa wote kama kawaida, kisha ndani ya ukurasa nikaweka sharti: kama jina si lako, usiuonyeshe. Nikajaribu kwa simu mbili na kompyuta. Safi kabisa! Nikatangaza ukumbini kwa mbwembwe kwamba sasa mwenye neno la faragha aje inboksi.

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa kampuni moja ya uwakala. (Nimebadilisha mengi kumhusu, msihangaike kumtafuta.) Ni mtu mzima, mwenye watoto shuleni, ananiita mwanangu. Aliniandikia kuhusu malori yanayopita na karatasi zisizolingana na mzigo, akataja na siku. Tuliandikiana siku nne.

Siku ya tano dogo mmoja anayesomea kompyuta, naye mwanachama wa ukumbi, akanifuata pale ninapokunywa chai. Akaniamkia, akakaa, akainamisha kichwa. "Kaka, nimesoma barua zenu."

Alikuwa kwenye intaneti kafe, akafungua zile zana za kivinjari zinazoonyesha kila kinachotoka na kuingia. Ujumbe wote wa karani ulikuwa pale, neno kwa neno. Ulifika kwenye kila simu na kila kompyuta iliyokuwa hewani. Mimi nilichofanya ni kuufunika kitambaa. Dogo yule ni muungwana, alikuja kuniambia. Je, wengine? Seva haina namna ya kujua nani alichungulia. Mpaka leo sijui, na usiku mwingine naamka nikilifikiria hilo.

Nilizima ukumbi saa ile ile. Kisha nikaandika upya, safari hii kazi ya kuchagua nani apate nikaipa seva. Jaribio la kwanza lilikuwa kutuma kwenye namba ya mlango wa mhusika. Kumbe nimesahau niko Tunduma! Hapa ukivuka barabara tu simu inadaka mtandao wa Zambia, muunganisho unakatika, ukirudi unapewa namba mpya ya mlango. Ujumbe ukawa unapelekwa kwenye milango iliyokufa. Dawa yake ni kumpa kila mtu chumba chenye namba ya akaunti yake. Akishaingia kwa nywila, seva inaiweka milango yake yote chumbani humo, ya simu na ya kompyuta. Ujumbe unaandikwa kwanza kwenye hifadhidata, ndipo unatumwa kwenye chumba cha mpelekewa na cha mtumaji, basi. Asiyekuwepo ataukuta akirudi. Na jina la mtumaji seva inalitoa kwenye akaunti iliyoingia. Kabla ya hapo ililipokea kutoka kwenye simu, yaani mtu yeyote angeweza kuniandikia akijiita karani.

Nikampa dogo ajaribu kuvunja. Akashindwa. Nikafurahi mpaka nilipofungua hifadhidata kutazama kama mambo yanaenda, nikakuta maneno ya watu wawili wanaochumbiana yamelala pale wazi wazi. Mwenye kusoma safari hii ni mimi! Tena atakayeishika seva yangu, kwa wizi au kwa amri, atasoma pia. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, akashtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake, na mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo. Yule alikuwa na msimamo. Mimi ningekuwa nao? Nina miaka 26 na chumba cha kupanga, sijui. WhatsApp tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe kwenye simu ya mtumaji ukafunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, hata wenye seva wasiusome. Hesabu zake sijaziweza, na kuzibuni kichwani mwangu ni kurudia kosa lile lile.

Kwa hiyo nimefanya mawili. Ujumbe ukishasomwa unafutwa baada ya saa 24. Na juu ya inboksi nimeandika kwa herufi nene: WENGINE HAWASOMI, ILA MWENYE SEVA ANAWEZA KUSOMA. Tangu nilipoandika hivyo, wanaokuja inboksi wamepungua.

Karani nilimweleza yote ana kwa ana. Hakunigombeza, na afadhali angenigomba. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama mtu wa ofisini kwao yumo ukumbini. Nikamwambia majina ni ya utani, sijui.

Wiki mbili akawa kimya. Juzi akaingia, nadhani akalisoma lile tangazo, maana aliandika mstari mmoja: "Afadhali umesema, mwanangu. Kesho jioni pale pa siku ile. Simu iache nyumbani."

Niliiacha.