Bilauri Tano

Katika milango mitano ya fahamu, ulimi ndio nilioudhania mwaminifu kuliko yote. Jicho hupotezwa na giza na sikio hupotezwa na makelele. Lakini ulimi, nalijisemea, haudanganyiki, kwa kuwa hauhukumu kitu mpaka umekigusa wenyewe. Imani hii nalikuwa nayo hata wiki iliyofuata Pasaka ya mwaka 2019, nyumbani kwa baba yangu, Mpunguzi, kusini ya mji wa Dodoma katika njia ya kwenda Iringa. Huko niliipoteza mchana kweupe, mbele ya jamaa zangu sita.

Msomaji asiyepata kufika Dodoma huenda akastaajabu kusikia habari za mvinyo katika nchi ile. Ni nchi ya ukame. Mvua yake hunyesha baina ya Desemba na Aprili, na kipimo chake cha mwaka hakizidi sana milimita 600. Miezi iliyobaki ni ya vumbi, upepo na mibuyu. Lakini ukavu uo huo unaomtesa mkulima wa mahindi humfaa mkulima wa zabibu, kwa sababu kuvu, ambayo ni adui mkubwa wa mzabibu, hupenda unyevu. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957, na vipandikizi vikaenea kutoka kwa jirani hata kwa jirani. Mzabibu wa Ulaya hulazwa na baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza. Hulazwa na kuamshwa kwa mkasi wa mkulima, na kwa hiyo huvunwa mara mbili, mnamo Machi na tena mnamo Agosti au Septemba. Baba yangu ana eka mbili za aina iitwayo Makutupora, zabibu nyeusi ambayo mvinyo wake una rangi ya damu ya mzee.

Mimi ndiye niliyemshauri aing'oe.

Sababu zangu hazikuwa za kipuuzi. Bei ya zabibu ilikuwa haba, na mnunuzi alikuja apendapo, si ziivapo. Kilo nyingi zilioza katika matenga zikimngoja. Lakini chini ya sababu hizo palikuwa na nyingine ambayo sikuisema waziwazi. Nalikuwa nimekaa Ulaya miaka miwili kwa masomo, nikarudi na shahada moja na maneno mengi juu ya mvinyo. Nilipoonja ule ambao baba hujitengenezea nyumbani, katika pipa la plastiki lililofunikwa kwa kitambaa, nalikunja uso. Baba aliuona uso ule. Hakukasirika. Alisema, "Ikiwa ulimi wako umesoma, mwanangu, basi na upewe mtihani."

Nami, kwa kiburi cha ujana, niliupanga mtihani huo kwa mikono yangu. Nilileta chupa moja ya Bordeaux niliyoinunua Dar es Salaam kwa fedha ambazo zingetosha kununua mbolea, na chupa moja ya Afrika ya Kusini. Ya tatu ilikuwa ya kiwanda kimoja cha Dodoma. Ya nne ilitoka katika pipa la baba. Ya tano nilimwachia Shangazi aichague popote apendapo, ili hata mimi nisijue. Shangazi alistahili kazi ile kwa mambo mawili: yu mgonjwa wa kisukari, na daktari amemkataza kileo, tena alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na hajapata kumwonea mtu huruma katika mtihani.

Kwanza nilitaka chupa zivishwe soksi za watoto, kama nilivyoona wenzangu wakifanya ng'ambo. Shangazi akakataa. Chupa ya Bordeaux ina mabega, alisema, na chupa ya kaka yake ni ya konyagi iliyooshwa. Hata kipofu akizipapasa atazijua. Kwa hiyo alimimina jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kipimo cha kikombe kidogo cha kahawa kwa kila mtu, katika bilauri 30 tulizoziazima kwa akina mama wa jumuiya. Chini ya kila bilauri alibandika namba. Mvinyo mwekundu ukipata joto hunuka spiriti, basi chupa zote zilikaa tangu alfajiri katika gunia lililoloweshwa maji, penye upepo, zikapoa sawasawa.

Tuliketi sita chini ya mwembe: baba, mama, kaka yangu na mkewe, mjomba, na mimi. Niliwaeleza desturi: kutazama, kunusa, kuonja, kutema katika ndoo, kuandika bila kunena. Desturi ya kutema ilivunjika mara moja, kwa kuwa mjomba alisema kumtemea mtu kinywaji chake ni kumtukana katika ua wake. Ile ya kunyamaza ilivunjwa na mama. Alinusa bilauri ya kwanza akasema inanuka zambarau zilizoiva mno, na sote tukaiona kweli ile ile, tukashindwa kuiona nyingine. Tangu hapo Shangazi alisimama nyuma yetu na ufito.

Nikiri kwamba nilifurahi kuona lugha yetu haikupungukiwa. Ng'ambo nilifundishwa maneno mengi ya kutaja hali ya kinywa kikaukacho kwa mvinyo mwekundu. Shemeji yangu aliandika neno moja tu, ukakasi, na pembeni akaongeza: wa ndizi mbichi. Kaka aliandika ugwadu wa ubuyu. Baba aliandika kidogo sana, akiufunika mkono wake kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa.

Tulipomaliza, Shangazi alikusanya karatasi, akaanza na yangu, kwa sauti ya darasani. Juu ya bilauri ya pili nalikuwa nimeandika: "Mvinyo wa kijijini. Mchachu, mwembamba, haufai kuuzwa. Alama 3." Juu ya bilauri ya tano: "Huu ndio wa Bordeaux. Umetulia, na uchachu wake ni wa heshima. Alama 8."

Shangazi akaitua karatasi. "Ya pili na ya tano," alisema, "zimetoka katika chupa moja. Ni ya baba yako. Swali hurudiwa ili ijulikane nani alijua na nani alikisia."

Mwembe ulikuwa na ndege wengi siku ile, niliwasikia wote.

Hata sasa naweza kueleza jinsi nilivyoanguka. Bilauri ya kwanza ilikuwa ya Afrika ya Kusini, laini na yenye utamu wa tunda lililoiva, na mbele yake uchachu wa ile ya pili ulionekana mara mbili. Nilipofika ya tano, ulimi ulikuwa umechoka, nami nalikuwa bado naitafuta Ufaransa. Bilauri ilikuwa moja tu iliyobaki, basi Ufaransa ikapatikana humo. Bordeaux yenyewe ilikuwa ya nne. Niliipa alama 4.

Baadaye nilijifariji kwa kusoma kwamba sikuwa wa kwanza. Katika uchunguzi wa Bordeaux uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakausifu kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na tarehe 24 Mei 1976, huko Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha waamuzi tisa wa Kifaransa mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kuwaonyesha chupa. Ya California ikashika nafasi ya kwanza kwa myeupe na kwa myekundu pia. Inasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja alitaka arudishiwe karatasi yake. Namwelewa kabisa. Mimi nami nilinyosha mkono kumwomba Shangazi yangu. Akaikunja akaitia kifuani.

Kisha akasoma karatasi ya baba. Bilauri ya pili, alama 6. Bilauri ya tano, alama 6. Pembeni ya zote mbili maneno yale yale: "Zilivunwa mapema." Na juu ya bilauri ya nne, ile ya Bordeaux, alama 9, na maneno haya: "Mwenye huu alingoja."

Nilimwuliza kwa nini yeye hakungoja. Alinitazama kama mtu aulizwaye jambo ambalo mwulizaji ndiye angepaswa kulijua. Mwaka ule, alisema, mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Zabibu zilikuwa na haja ya wiki mbili zaidi kupata sukari yake. Shule haikuwa na wiki mbili za kutoa. Akavuna, akauza, na zile alizozikataa mnunuzi akazitia pipani. Barua ya habari ile, mama akaongeza, nilipelekewa Ulaya. Naam, nilipelekewa, nami naliisoma.

Sikusema tena habari ya kung'oa, wala baba hakuniambia kwamba ameshinda. Kwa kweli hakuna aliyeshinda. Onjo letu halikuongeza hata senti moja katika bei ya kilo, na eka mbili zile bado zaweza kung'olewa na mtu mwenye hesabu nzuri kuliko zangu. Mjomba alimaliza Bordeaux iliyobaki. Shangazi alihesabu bilauri akapata 29, akatuamrisha tuitafute ya 30 hata magharibi.

Kesho yake baba aliniamsha kabla ya jua, akanipa mkasi wa kupogolea, kwani mizabibu ilipaswa kukatwa ili izae Agosti. Nilishika mstari wa kwanza. Nalikata karibu mno na vichipukizi, nikaacha vitawi vilivyostahili kuondolewa. Baba alinifuata nyuma, mzabibu kwa mzabibu, akirudia kazi yangu bila kunena neno, hata jua likawa kali nasi tukaenda kunywa uji.