Miwani Moja kwa Watatu



Mwaka huu wa kichungaji sisi mafrateri tuliopangiwa kufundisha sekondari tumeingia darasani na miwani ya uhalisia pepe. (Tulipolitaja jina hilo mara ya kwanza, wapo waliosikia “pepo”.) Si vitu vya gharama. Ni maboksi ya kadibodi yenye lenzi mbili, ya aina iliyoletwa na Google mwaka 2014: unaweka simu mbele, kila jicho linapata picha yake, nawe unajiona umesimama mahali penyewe.

Ugumu uko kwenye simu. Nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kile kifaa cha ndani kinachohisi ukigeuza kichwa, kwa hiyo picha haikufuati. Tulipata simu kumi na nne zinazofaa. Wanafunzi ni arobaini na wawili. Basi, miwani moja kwa watatu.

Tuliwapeleka Kikanisa cha Sistina. Michelangelo alichora dari lile kati ya mwaka 1508 na 1512, na Hukumu ya Mwisho, nyuma ya altare, akaimaliza mwaka 1541. Kitabuni mwanafunzi huonyeshwa mkono wa Adamu tu, umekatwa kama wa kwenye kadi ya Krismasi. Humu lazima ainue kichwa autafute.

“Umeuona?”

“Bado. Shingo inauma.”

“Angalia juu ya altare!”

“Hapana, uko katikati. Mbona mdogo hivyo?”

Aliyefuata alivaa, akambishia wa kwanza kuhusu rangi. Mmoja alishikwa na kizunguzungu, akavua, akawa mwandishi wa kundi. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Katika shule nyingine tuliyoitembelea kila mtoto alikuwa na miwani yake. Darasa lilikuwa kimya kabisa, kila mmoja yuko Roma peke yake.

Sasa mfadhili ameahidi kutufikishia arobaini na mbili. Tumebishana jioni mbili nzima. Baadhi yetu wanasema mtoto wa kijijini amezoea mno kungoja zamu, na wana haki. Wengi, hata hivyo, tumeamua kumwomba atupatie badala yake kamera moja ya nyuzi 360, wanafunzi wapige picha ndani ya kanisa la parokia yetu, kisha tuipeleke kwa ile shule yenye miwani nyingi. Barua imeshatumwa, tunasubiri jibu.